Uzamivu katika saikolojia ya kazi na mashirika: tafuta swali kwanza, chuo kitafuata

#1 Mleta uzi

Salaam wanajukwaa.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikipokea maswali kutoka kwa maafisa utumishi, wahitimu wa saikolojia na wahadhiri wasaidizi wanaotaka kusoma uzamivu katika saikolojia ya kazi na mashirika, ambayo wengine huiita saikolojia ya viwanda. Nimeona ni vyema niyajibu kwa pamoja na kwa kirefu, kwa kuwa mengi yanafanana, na kwa kuwa wengi wanaoniuliza huanza na jambo ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kuja mwisho, yaani jina la chuo. Nilikuwa mtumishi katika idara ya rasilimali watu kabla ya kuisoma fani hii hadi ngazi hiyo, na sasa ninafundisha na kusimamia tasnifu, kwa hiyo haya nimeyapitia nikiwa mwanafunzi na ninaendelea kuyaona nikiwa msimamizi.

Kwa asiyeifahamu, hii ni fani inayomchunguza mtu akiwa kazini kwa njia za kisayansi. Inauliza mwombaji apimwe vipi ili anayeajiriwa awe kweli ndiye atakayeiweza kazi, mafunzo gani yanabadilisha utendaji na yapi yanaishia kwenye posho na vyeti, kwa nini wafanyakazi wawili wenye mshahara mmoja na mkuu mmoja wanatofautiana katika kujituma, na namna mpangilio wa zamu, kelele au woga wa kusema unavyochangia ajali. Si fani ya ushauri nasaha wala ya kutibu maradhi ya akili, ingawa msongo wa kazini ni miongoni mwa mada zake. Wala si sawa na menejimenti ya rasilimali watu, ambayo hujishughulisha zaidi na taratibu, sheria na uendeshaji. Mwanasaikolojia wa kazi anatakiwa aoneshe kwa data kama taratibu hizo zinaleta matokeo yanayodaiwa.

Ukisoma historia yake utaona kuwa hatua zake kubwa zilianzia kwenye swali la mahali fulani pa kazi. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyehamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1892, alitengeneza kipimo cha madereva wa tramu za umeme kwa sababu kampuni za tramu zilikuwa zikilemewa na ajali, na kazi hiyo akaieleza katika kitabu alichokichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, jeshi lilitakiwa kuwapanga askari wengi kwa muda mfupi, na wanasaikolojia wakaandaa majaribio mawili, Alpha kwa wanaosoma Kiingereza na Beta kwa wasioweza kukisoma. Waliopimwa walizidi milioni moja na nusu. Mwaka 1921 Bruce Moore alihitimu katika Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie, mjini Pittsburgh, na anatajwa kuwa wa kwanza kutunukiwa uzamivu kwa jina la saikolojia ya viwanda. Nchini Uingereza, Eric Trist na Ken Bamforth walichapisha mwaka 1951 uchunguzi wao kuhusu migodi ya makaa ya mawe. Mashine mpya zilikuwa zimeletwa, lakini uzalishaji haukupanda kama ilivyotarajiwa, na wao wakaonesha kwamba mfumo mpya ulikuwa umevisambaratisha vikundi vidogo ambavyo wachimbaji walivitegemea kwa kazi na kwa usalama wao. Bamforth mwenyewe aliwahi kuwa mchimbaji. Ninalisisitiza hilo kwa sababu wengi wenu mnaofanya kazi mnadhani miaka yenu ofisini ni muda uliopotea kitaaluma, kumbe huko ndiko swali linakopatikana.

Na sisi maswali tunayo. Mwezi Juni 2014 zaidi ya waombaji 10,000 waliitwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zile zilizungumzwa sana kama habari ya ukosefu wa ajira, na ni kweli, lakini ndani yake kuna swali la kitaalamu ambalo halikuzungumzwa kwa kiasi hicho: watu wengi namna hiyo wanapogombea nafasi chache, ni kipimo gani cha haki na chenye uwezo wa kumtambua anayefaa? Mfano mwingine ni MWAMTUKA, yaani Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ulioanza mwaka 2004 kuchukua nafasi ya taarifa za siri. Nia yake ilikuwa mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo na wayapitie pamoja. Miaka ya karibuni tathmini imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Nani amechunguza kwa kina kinachotokea pale msimamizi anapopaswa kumpa alama ya chini mtumishi ambaye kesho atamhitaji, au ambaye ni jirani yake? Kompyuta haiondoi swali hilo.

Kwamba swali la ofisi ya Kiafrika linaweza kuingia katika elimu ya dunia si ndoto. Profesa John Munene wa Uganda alichapisha mwaka 1995 utafiti uliofanyika Nigeria kuhusu jambo ambalo kila mwenye kufuatilia faili analijua: mtumishi hayupo kwenye kiti chake. Hakuishia kulalamika. Aliliunganisha na nadharia ya mchango wa hiari wa mfanyakazi kwa taasisi yake, na makala ikatoka katika jarida la kimataifa la saikolojia tumizi.

Nitoe mfano mmoja wa aina ya elimu inayozalishwa na fani hii, ili aliye nje apate picha. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na majedwali yao yakatawala mafunzo ya fani kwa zaidi ya miongo miwili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu na kuonesha kwamba masahihisho ya kitakwimu yaliyotumika awali yalizidisha makadirio mengi. Katika hesabu mpya, usaili ulioratibiwa, ambao kila mwombaji huulizwa maswali yale yale yatokanayo na kazi na kupewa alama kwa mizani iliyoandikwa mapema, ulipata uhusiano wa 0.42 na utendaji kazini (sifuri ni kutokuwa na uhusiano wowote, moja ni uhusiano kamili), wakati usaili wa kuzungumza tu ulipata 0.19, na kipimo cha uwezo wa akili kikashuka kutoka 0.51 hadi 0.31. Mtu aliyewahi kukaa katika jopo la usaili ambapo wajumbe wanasubiri mwenyekiti ataje alama yake ndipo waandike za kwao, ataelewa kwa nini tofauti hiyo ni kubwa. Sasa jiulizeni: sehemu kubwa ya data hizo ilitoka Marekani. Kwa waombaji wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura, wanaosailiwa kwa lugha ya tatu mbele ya watu wanaowazidi umri, uhusiano huo ukoje? Hiyo ni tasnifu inayosubiri mwenyewe.

Ukishapata swali, tafuta msimamizi kabla ya chuo. Soma makala za miaka mitano iliyopita katika mada yako, uone majina gani yanajirudia, kisha uone wanafundisha wapi. Chuo chenye jina kubwa ambacho hakina mtu wa mada yako kitakupa cheti na upweke. Msimamizi anayekielewa unachokichunguza atasoma rasimu yako, atakuunganisha na wenzake, na atakuzuia mapema usipoteze mwaka kwenye jambo lililokwishajibiwa.

Mifumo inatofautiana. Marekani, ambako chama cha fani, SIOP, ni Kitengo cha 14 cha chama cha wanasaikolojia, uzamivu huchukua takribani miaka mitano au zaidi, na mtu anaweza kuingia akiwa na shahada ya kwanza. Miaka ya mwanzo ni masomo ya darasani, kisha mtihani mkubwa, kisha tasnifu. Vyuo kama Michigan State, Minnesota, Bowling Green State na South Florida vinajulikana kwa programu hizi. Uholanzi nafasi ya uzamivu kwa kawaida hutangazwa kama ajira yenye mshahara, na mada mara nyingi imeshapangwa na mradi. Uingereza ni utafiti moja kwa moja.

Afrika Kusini inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi na watu wetu, kwa sababu ndiyo nchi ya bara hili ambako fani ina mizizi mirefu na hadhi ya kisheria. Taasisi yake ya utafiti wa watumishi ilianzishwa mwaka 1946 chini ya Simon Biesheuvel, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapima vibarua wa migodini waliotoka nchi nyingi na kusema lugha nyingi, kiasi kwamba maelekezo ya jaribio yalitolewa kwa filamu isiyo na sauti. Historia hiyo ina doa, kwani vipimo vilitumika ndani ya mfumo wa ubaguzi uliokwishaamua Mwafrika afanye kazi gani. Ndiyo maana kifungu cha 8 cha Sheria ya Usawa katika Ajira ya mwaka 1998 kinakataza kumpima mfanyakazi kisaikolojia isipokuwa kipimo kimethibitishwa kisayansi kuwa ni halali na thabiti, kinaweza kutumika kwa haki kwa wote, na hakina upendeleo dhidi ya kundi lolote. Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza vipimo katika jamii ya lugha nyingi, hakuna shule bora kuliko hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kule leseni ya mwanasaikolojia wa viwanda hutokana na uzamili unaotambuliwa, mafunzo ya vitendo ya miezi 12 na mtihani wa bodi. Uzamivu ni utafiti mtupu, na peke yake haukupi leseni.

Kwetu Afrika Mashariki, Makerere ina skuli ya saikolojia yenye uzamili wa saikolojia ya mashirika, na kwingineko njia ya kawaida ni kusajiliwa katika idara ya saikolojia, ya elimu au skuli ya biashara na kuandika tasnifu yenye mada ya fani hii. Ni njia halali kabisa, mradi apatikane msimamizi anayejua vipimo na takwimu.

Mwisho kwa leo ni upatikanaji wa data, ambao ndio unaowachelewesha wengi. Barua ya chuo, kibali cha Katibu Tawala, barua ya mkurugenzi, kisha mkuu wa kituo: kila ngazi ina muda wake. Lakini kibali si data. Katika kiwanda kimoja nilichokuwa nikikichunguza, fomu zangu za awali ziligawiwa na ofisi ya utumishi na kurudishwa juu ya meza ya karani wa ofisi hiyo hiyo. Karibu zote zilikuwa na tiki kwenye "nakubali kabisa" kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, zikiwemo sentensi ambazo kwa makusudi zilikuwa zinapingana. Niliomba kukaa kantini wakati wa mapumziko, nikaweka sanduku lenye kufuli karibu na mlango wa kutokea getini, fomu hazikuwa na namba ya mfanyakazi, na nikamweleza kila aliyetaka kujua kwamba uongozi utapata muhtasari tu. Majibu yalianza kutofautiana kama watu wanavyotofautiana. Tasnifu nzima ilitegemea mahali lilipowekwa sanduku.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Mchangiaji, afisa utumishi, Dodoma

Asante sana mkuu kwa andiko hili. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo niruhusu niulize. Uzamili wangu ni wa menejimenti ya rasilimali watu, sikusoma saikolojia wala takwimu za kina. Swali ninalo, nalo linanisumbua kila mwaka: walimu na wauguzi wapya wanaopangiwa vituo vya pembezoni wanaripoti, wanalipwa fedha za kujikimu, na haupiti muda barua za kuomba uhamisho zinaanza kufika mezani kwangu. Wapo wanaobaki na kufanya kazi nzuri sana, katika vituo vile vile, kwa mshahara ule ule. Sijui kinachowatofautisha. Je, hilo linatosha kuwa swali la uzamivu, na je, nitapokelewa?

#3 Mchangiaji, mwanafunzi wa uzamivu, Marekani

Habari zenu. Niko mwaka wa tatu katika programu ya fani hii kwenye chuo cha serikali cha jimbo mojawapo la katikati ya Marekani, na ningependa kuongezea aliyoyasema mleta uzi kuhusu miaka ya mwanzo.

Anayekuja ajiandae kwa takwimu. Muhula wa kwanza ni uchambuzi wa tofauti na rigresheni, kisha nadharia ya vipimo, kisha modeli za ngazi nyingi, kwa sababu wafanyakazi wako ndani ya timu na timu ziko ndani ya mashirika, na ukiwachambua kana kwamba kila mtu yuko peke yake utapata majibu ya uongo. Kazi nyingi tunafanya kwa programu ya R, ambayo ni ya bure, kwa hiyo mtu anaweza kuanza kujifunza akiwa nyumbani kabla hata ya kuomba nafasi. Ningelikuwa na mdogo wangu anayekusudia kuja, hilo ndilo ningemwambia alifanye kwanza.

Kila wiki kuna semina ambamo tunasoma makala kadhaa za kina, na mwanafunzi mmoja huongoza mjadala. Mwanzoni nilipata taabu kwa sababu shule zetu zilinizoeza kumheshimu aliyeandika, na hapa unatakiwa useme ni wapi sampuli yake ilikuwa dhaifu, ni maelezo gani mengine aliyaacha. Kwa upande wa fedha, programu nyingi za uzamivu zenye wanafunzi wa kudumu chuoni humpa mwanafunzi kazi ya kufundisha au kusaidia utafiti, na kwa kazi hiyo anasamehewa ada na kulipwa posho ya kujikimu. Posho hiyo inamtosha mtu mmoja anayeishi kwa uangalifu. Mwenye familia apige hesabu mapema, hasa bima ya afya ya mwenzi na watoto.

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Dodoma, swali lako linatosha na kubaki.

Liangalie hivi. Kwa miaka mingi tafiti za kuacha kazi zilijikita katika kutoridhika: mtu hapendi kazi, anatafuta nyingine, anaondoka. Mwaka 2001 Terence Mitchell, Thomas Lee na wenzao wakaligeuza swali, wakauliza kwa nini watu wanabaki. Walieleza kwamba mtu hushikiliwa na mambo matatu, kazini na katika jamii anayoishi: mahusiano aliyonayo, namna anavyoendana na mahali pale, na kile atakachokipoteza akiondoka. Nadharia hiyo ilijengwa katika nchi ambako mtu anajitafutia kazi na kuchagua mji wa kuhamia. Mwalimu wako hakukichagua kituo, alipangiwa. Mwenzi wake pengine ameajiriwa mkoa mwingine. Nyumba ya kupanga yenye choo kinachofaa huenda haipo kijijini. Lakini pia huenda amepewa shamba, ameingizwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, amekuwa mwalimu wa kwaya, na wazazi wanamjua kwa jina la mtoto wake. Je, mambo yale matatu yanamshikilia mtu aliyepangiwa kama yanavyomshikilia aliyechagua, au kuna la nne ambalo nadharia haikuliona kwa kuwa haikutazama kwetu? Hapo una mchango wa kinadharia, na bila mchango huo hakuna uzamivu, hata kama data zako zingekuwa nyingi kiasi gani.

Usiwahoji mara moja tu. Wafuate tangu wanaporipoti, uwapime tena baada ya miezi sita na baada ya mwaka, na orodha ya waliohama utaipata kwenye kumbukumbu za halmashauri zenyewe. Kwa kuwa wewe ni afisa utumishi wao, wanaweza kuhisi kwamba kukataa kujaza dodoso ni kukukataa wewe mwenye mafaili yao. Kwa hiyo fanya utafiti katika halmashauri nyingine, au mkusanyaji wa data awe mtu mwingine na wewe usione majibu ya mtu mmoja mmoja. Kamati ya maadili itakuuliza hilo, na ni haki yake.

Kuhusu msingi wa saikolojia, vyuo vingine vitakutaka usome kozi za kujazia pengo, na skuli za biashara mara nyingi hazitakutaka. Pengo la takwimu ndilo zito zaidi. Fuata ushauri wa mwenzetu wa #3.

#5 Mchangiaji, Arusha

Wakuu, naheshimu yote yaliyoandikwa, ila naomba tuseme na upande wa ajira. Sijawahi kuona tangazo la kazi hapa nchini linalomtaka mwanasaikolojia wa kazi na mashirika. Mtu anatumia miaka minne au mitano, anarudi na shahada ambayo waajiri hawaijui, na aliyesoma uzamili wa biashara tayari ni mkurugenzi. Je, ni haki kuwahimiza vijana wafuate njia hii? Aidha, kuna vyuo vya mtandaoni vinavyotangaza uzamivu wa fani hii kwa miaka miwili huku mtu akiendelea na kazi yake. Je, hiyo si njia nafuu zaidi?

#6 Mchangiaji, Nairobi

Nichangie kidogo kutoka upande wa Kenya. Hapa kuna kampuni za ushauri zinazouza huduma ya kupima waombaji wa kazi, hasa kwa mabenki na mashirika makubwa, na vipimo vingi vinanunuliwa kutoka nje vikiwa na viwango vya kulinganishia vya watu wa nje. Meneja anaambiwa kwamba mwombaji ameshinda asilimia 40 ya waliopimwa, wala haulizi ni waliopimwa wapi. Mtu mwenye uzamivu anayeweza kutengeneza viwango vya hapa, na kuonesha kama alama za kipimo zinatabiri utendaji wa hapa, ana kazi ya kufanya hata kama tangazo halitaji jina la fani yake.

Kwa wenzangu wa Kenya, kumbukeni kwamba tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo anayetaka kujiita mwanasaikolojia kikazi ajue masharti ya usajili mapema. Na kibali cha utafiti ni cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, bila hicho msianze kukusanya chochote.

#7 Mleta uzi

Ndugu wa Arusha, hoja yako ni nzito, nami sitaipuuza. Anayetaka kupanda cheo katika utawala hahitaji uzamivu huu, na ninawaambia hivyo wote wanaonijia kwa sababu hiyo. Hata Marekani, sehemu kubwa ya kazi za fani hii katika makampuni hufanywa na wenye uzamili. Uzamivu ni kwa mtu anayetaka kufundisha, kutafiti, au kubeba dhamana ya kusema kwamba kipimo hiki ni halali na kile si halali, na kulitetea hilo mbele ya mwajiri, mwanasheria au mahakama. Nchini Marekani dhamana hiyo ilipata uzito baada ya kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya Duke Power mwaka 1971, ambapo Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba mwajiri hawezi kudai cheti au jaribio linalowaengua watu weusi kwa wingi iwapo hana uthibitisho kwamba linahusiana na kazi yenyewe. Kwetu waombaji wanaongezeka na mitihani ya mchujo inaongezeka, na sioni ni kwa vipi swali hilo litaendelea kuepukwa. Kwa sasa waliosoma fani hii wanafanya kazi vyuoni, katika kampuni za ushauri, mashirika ya kimataifa na idara za utafiti, kwa vyeo vyenye majina mengine.

Kuhusu uzamivu wa miaka miwili wa mtandaoni, ninawasihi muwe waangalifu sana. Tangazo likisema programu ya saikolojia ya kazi "imeidhinishwa" na chama cha wanasaikolojia wa Marekani, jueni kuna kasoro, kwa sababu chama hicho huidhinisha programu za huduma za afya kama saikolojia ya kliniki na ushauri, si fani yetu. Cha kuangalia ni ithibati ya chuo chenyewe. Kwa Tanzania, shahada ya nje hupelekwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa utambuzi, basi ulizeni TCU kabla ya kulipa ada, si baada ya kuhitimu. Kusoma kwa masafa si dhambi. UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, imefanya hivyo kwa miongo mingi. Tatizo ni programu isiyokupa msimamizi anayekusoma, wala wenzako wa kukupinga.

#8 Mchangiaji, Mbeya

Shikamoo Profesa, kama ndivyo ulivyo. Naomba unisaidie jambo moja: namna ya kumwandikia msimamizi barua pepe. Nimewaandikia wengi na sijibiwi.

#9 Mleta uzi

Marahaba, mwanangu.

Barua nyingi ninazozipokea mimi mwenyewe zinaanza na sifa zangu, zinafuatia na historia ya elimu ya mwandishi kuanzia sekondari, na zinaishia na ombi la ufadhili. Sijui hata anataka kuchunguza nini. Andika aya tatu fupi. Ya kwanza itaje swali lako kwa sentensi mbili, na mahali ulikoliona. Ya pili itaje makala moja ya huyo unayemwandikia, uliyoisoma hadi sehemu ya mbinu, na ueleze swali lako linaanzia wapi pale yeye alipoishia. Ya tatu iseme una nini mkononi: uzoefu wa kazi, takwimu ulizojifunza, uwezekano wa kupata data katika taasisi unayoifahamu, kisha uulize kama anapokea wanafunzi wapya mwaka unaofuata. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na dokezo la utafiti la ukurasa mmoja. Usimtumie barua moja watu kumi kwa pamoja. Wanaliona hilo mara moja.

Kwa Marekani andika kati ya Agosti na Oktoba, kwa kuwa maombi ya programu nyingi hufungwa kati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari, na waliopewa nafasi zenye ufadhili kwa kawaida hutakiwa kujibu kufikia tarehe 15 Aprili. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kwa heshima, kisha uende kwa mwingine. Dokezo lako la ukurasa mmoja unaweza kuliweka hapa hapa kwenye uzi. Nitalisoma, na wa #3 na wa Nairobi nao watakuwa na la kusema.